Wingu Lililoketi Rweyani

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa mbili kasorobo asubuhi, Respicius alisogeza bakuli la uji pembeni, akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula, akamwona mama yake kwenye picha ya setilaiti. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, upande wa kusini wa rweya, uso kauelekeza juu. Alivaa kitenge cha kijani na kitambaa cheupe cha kichwani, kile cha Jumapili. Respicius alimtazama kidogo, kisha akanyanyuka kwenda kuzima jiko, maana maziwa yalikuwa yanataka kumwagika.

Tuelewane mapema ili watu wasibishane. Setilaiti ile hupita juu ya Kagera kila baada ya siku tano, saa nne na nusu asubuhi kwa saa za kule. Picha yake ni nukta tupu, na kila nukta ni kipande cha ardhi cha mita kumi kwa kumi. Ng'ombe haonekani. Lori nalo ni la kubahatisha. Binadamu haonekani kabisa, na kwa miaka minne ya kazi hiyo Respicius hakuwahi kumwona hata mmoja. Ma Leya, mama yake, alionekana. Alijaza nukta tatu, na kigoda kilikuwa na nukta yake.

Respicius aliishi Reynoldsburg, mashariki ya Columbus, kwenye apatimenti ya ghorofa ya pili, na mkewe Anitha ambaye alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea na kila siku aliondoka kabla jua halijachomoza. Yeye alifanya kazi nyumbani. Kampuni yake ilichora ramani za matumizi ya ardhi za nchi za mbali. Mashine ilitazama picha na kusema kila nukta ni kitu gani: maji, msitu, mazao, majengo, nyasi au ardhi tupu. Respicius alikagua pale mashine iliposita. Kibali chake cha kuishi Marekani kilining'inia kwenye kazi hiyo, na cha Anitha kilining'inia kwenye chake.

Alipiga simu nyumbani. Kule ilikuwa saa tisa kasorobo alasiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniona?"

"Nimekuona."

"Nilikaa vizuri?"

"Ulikaa vizuri, mama. Ila jua lilikuwa kali." Akakohoa.

"Una kikohozi," alisema Ma Leya. Kisha akaeleza. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amewaita watu ofisini, akiwa na wageni wawili na karatasi kubwa ya rangi. Wageni walisema rweya imepigwa picha kutoka juu kwa miaka kumi mfululizo na hakuna mtu aliyeonekana akifanya chochote. Kwa hiyo ni ardhi isiyotumika, na kampuni yao inayopanda misonobari ingeichukua yote, kuanzia mto mpaka barabarani. Wanawake walipiga kelele. Mwenyekiti akasema kelele haziingii kwenye ramani. "Nikasema haya, kama shida ni kuonekana, mimi nitakwenda nionekane. Si wewe uliniambia inapita saa nne na nusu?"

"Ni mimi."

"Basi nikaenda saa tatu, nisichelewe."

Rweya, kwa asiyejua, ni uwanda wa nyasi ulio nje ya migomba. Ukiutazama kwa haraka utasema hamna kitu. Lakini wanawake hukata nyasi pale za kufunika shamba la migomba, na bila hizo migomba hudhoofu. Ng'ombe hula pale. Mtu hulima kipande cha njugumawe, akavuna, kisha akakilaza kile kipande miaka mitano, sita, ardhi ipumzike, akaenda kulima kingine. Harusi ikija, nyasi za kutandika sakafuni hukatwa pale. Baba yake Respicius alipofariki, waombolezaji walilala juu ya nyasi za rweya siku nne, na nyumba nzima ilinukia. Rweya haina hati. Nani akakate hati ya mahali ambapo kila mtu anapajua?

Kampuni ya misonobari ilikuwa inauza hewa. Ndiyo, hewa. Mwenye kiwanda wa ng'ambo anafukiza moshi wake, halafu analipia mti uliopandwa Kagera, roho yake inatulia. Mti lazima upandwe mahali pasipotumika, na mahali hapo panathibitishwa na ramani. Ramani ilitoka mezani kwa Respicius, hapo pembeni ya bakuli la uji.

Na jambo lenyewe lilikuwa baya zaidi ya hapo. Miaka minne nyuma, alipoajiriwa, aliambiwa kama waajiriwa wote achague, kwa kila kundi, sehemu mia mbili anazozijua kwa hakika, ili mashine ijifunze kwazo. Mtu akiambiwa ataje mahali anapopajua si atataja kwao? Kwenye kundi la nyasi Respicius alichagua rweya ya kwao, nukta kwa nukta, akipita njia aliyokuwa akipita na mama yake akiwa amebeba mundu. Fomu ilikuwa na sehemu ya matumizi: kilimo, makazi, misitu, hakuna. Kukata nyasi hakukuwamo. Kulaza shamba hakukuwamo. Akachagua "hakuna", mara mia mbili, akapata alama za juu kuliko wenzake wote. Hata alimpigia mama yake kumwambia kuwa rweya yao inafundisha mashine Marekani, na Ma Leya akatangaza kanisani, watu wakapiga makofi.

Sasa mashine ilikuwa imehitimu. Popote ilipoona pamefanana na kwa Ma Leya, ilisema hapatumiki.

Siku tano zilipita, picha nyingine ikaja. Ma Leya alikuwa palepale kwenye kigoda, ila sasa alijaza nukta kumi na moja. Siku tano nyingine akawa nukta thelathini na nne, na kitambaa chake cha kichwani kiling'aa kiasi kwamba mashine, ambayo haikuwa na kundi la mama, ilimzungushia mstari mwekundu na kuandika: wingu, uhakika asilimia tisini na sita.

Rogers alipiga simu asubuhi hiyohiyo. Alikuwa msimamizi wake, Mtanzania wa Shinyanga, anaishi Buffalo mtaa wa Kensington-Bailey, na ndiye aliyemtafutia Respicius ile kazi.

"Kaka Respi, una wingu kwenye karatasi ya ramani namba nne hujalifuta."

"Si wingu, Rogers. Ni mama."

Rogers alisikika akibofya kuikuza picha. "Ni kweli, ndiye. Mpe shikamoo yangu. Lakini kundi la mama hatuna, kaka."

"Niache hivyo hivyo, niandike haijulikani?"

"Ukiandika haijulikani itakwenda kwa mtu mwingine, atalifuta, na wewe utapunguziwa alama. Umebakiza alama ngapi kabla hawajakuita?" Wote wawili walijua. "Mimi nilimfuta mjomba wangu mwaka juzi," Rogers aliendelea kwa sauti ileile. "Alikuwa amesimama malishoni na fimbo yake. Ramani inatakiwa Ijumaa ijayo."

Respicius akampigia dada yake. Albina alikuwa mkubwa kwake kwa miaka saba, anaishi Louisville, South End, akifungasha mizigo ghalani. Alipokea akiwa kwenye mapumziko, nyuma yake mikanda ya kusafirishia mizigo inanguruma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe Respi, mama amekaa juani siku tatu ili uone kitu kimoja tu. Umekiona?"

"Nimekiona, dada."

"Basi andika ulichokiona. Ukimfuta mama, namba yangu uisahau."

Alijaribu, tusimwonee. Palikuwa na nafasi ya maoni, herufi sitini, akaandika kwa Kiingereza safi kwamba lile si wingu, ni mama yake, na analitumia eneo. Maoni yalirudi baada ya dakika moja yakiwa na alama ya kijivu: hayahusu ramani. Akaandika tena kwamba nyasi za pale hukatwa. Yakarudi. Akaandika tu neno "mtu". Hilo nalo likarudi, na chini yake mashine ikamkumbusha kwa upole kwamba mtu haonekani kwenye picha za aina hii.

Alhamisi mchana Respicius alikula, akanawa mikono, akaketi, akabonyeza "futa wingu". Mashine haiachi shimo. Ilichukua kipande kutoka kwenye picha ya Februari, siku isiyo na mawingu, ikakibandika pale alipokuwa Ma Leya. Kilikaa sawasawa, kiungo hakikuonekana. Palikuwa na nyasi tu, za rangi ya kahawia, na hakuna mtu.

Akapiga nyumbani, kule ikiwa jioni, simu ya mama ikaita bila kupokewa. Siku iliyofuata alimpata binamu yao Zenoni, aliyebaki kijijini na kumwangalia Ma Leya.

"Kigoda kipo, kimelowa," alisema Zenoni. "Mwenyewe hayupo. Kuna wingu limekaa chini pale kwenye nyasi, hapo alipokuwa. Tumeliita, limeitika, lakini haliwezi kushika kitu. Nilimletea chai ikapita katikati."

"Anasemaje?"

"Anasema hamlaumu mtu. Anauliza Marekani ni upande gani."

Hapo ikumbukwe kwamba Ma Leya aliomba viza mara mbili kuja kuwatembelea wanawe, na mara mbili alinyimwa. Afisa wa dirishani alimweleza kuwa hana kitu cha kutosha cha kumrudisha nyumbani. Alisema ana migomba na ana rweya. Akaulizwa hati ya rweya. Alirudi Kagera kwa basi, siku nzima na usiku, akiwa na karanga alizowakaangia wajukuu, watoto wa Albina ambao hawajazaliwa. Sasa hakuhitaji viza. Alinyanyuka Jumapili baada ya misa, polepole, watu wakamsindikiza kwa macho mpaka ng'ambo ya ziwa.

Zenoni aliuliza kama waweke matanga. Ilibidi wajadili, kwa sababu nyasi za kutandika hazikuwepo tena. Kampuni ilikuwa imeshasimamisha nguzo za mipaka na walinzi, na mwanamke wa kwanza aliyeingia na mundu alishindishwa kituo cha polisi kwa kuvamia. Wakaamua kuahirisha.

Wiki tatu baadaye Rogers alipiga simu kutoka Buffalo, na safari hii haikuwa ya kazi.

"Kaka, mama yako yuko hapa Bailey, juu ya kituo cha basi. Ametokea upande wa ziwa. Nimemsalimia, kaitikia vizuri. Amekataa kuingia ndani, anasema miguu ina maji."

"Anakuja huku?"

"Aliuliza njia ya Louisville."

Keshokutwa yake Respicius alisimama kwenye maegesho ya magari, shingo nyuma. Wingu lilitokea kaskazini, dogo, jeupe, chini kuliko mengine, likapita juu ya maduka na juu ya paa lake. Alimwita. Alipunga mkono kama mtu anayesimamisha gari. Wingu halikusimama. Anitha, aliyekuwa ametoka zamu na bado amevaa sare yake, alimtazama mumewe akilia katikati ya magari ya watu, akamchukulia mfuko wa maziwa ili usianguke. Walipanda ngazi, wakapika.

Louisville, Ma Leya alifikia kwa Albina, nyumba ndogo ya kupanga. Jirani, Séphora, mama wa Kikongo kutoka upande wa Bukavu, ndiye aliyemwona wa kwanza akizunguka mlangoni.

"Bon, ni mama yenu? Aingie tu, asiikale pale inje kama mugeni," alisema Séphora. "Donc, leta bassin, maji isiaribu tapis." Alimsaidia Albina kupanga mabeseni juu ya zulia. Kisha akakaa kwenye kochi, akamtazama Ma Leya aliyejaa pembe ya sebule. "Wa kwetu walikuyaka wote kama moshi. Wingu ni muzuri. Inatuliya."

Ma Leya alikaa kule mwezi na nusu. Albina akirudi kutoka ghalani alimkuta juu ya jiko, akimwambia chumvi imezidi. Walisali pamoja. Walizungumza habari za rweya, nani kafungwa, nani kauza ng'ombe kwa kukosa malisho, migomba ya nani imeanza kunyauka. Albina hakumtaja mdogo wake na hakupokea simu zake. Lakini Ma Leya aliuliza kila siku, mara ya kwanza asubuhi na mara ya pili baada ya chakula: yule mtoto kikohozi kimepona?

Jumamosi moja ya Septemba Albina alichoka kuulizwa. Akamfungulia mama mlango wa nyuma wa gari, akasubiri aingie mzima, wakashika barabara ya 71 kupitia Cincinnati. Ni mwendo wa saa tatu na nusu. Vioo vilifanya ukungu njia nzima, ikabidi Albina avifute kwa mkono wa sweta huku akiendesha. Alipofika Reynoldsburg hakusalimia.

"Mama yako huyo," alimwambia Respicius mlangoni. "Anasema ulikuwa unakohoa kwenye simu."

"Dada, kaa ule."

"Nina zamu kesho." Alikula akiwa amesimama, vijiko vinne, akanywa maji. Akageuka mlangoni. "Usimfute tena, Respi. Safari hii sitajua pa kwenda kumchukua." Akaondoka. Respicius alisikia gari likiwaka, likakaa muda mrefu bila kuondoka, kisha likaondoka.

Ma Leya alikaa sebuleni, juu ya meza ya chakula, ambako palikuwa na joto la kompyuta. Anitha aliweka masufuria mawili na taulo. Barua ilikuja kutoka ofisi ya wenye majengo kuhusu unyevu kwenye dari ya wapangaji wa chini, ikiwapa siku kumi na nne za kuondoa chanzo chake. Anitha aliiweka juu ya friji pamoja na nyingine.

"Nisamehe, mama," Respicius alisema siku ya tatu. Ilikuwa imemchukua siku tatu.

"Ulikuwa na sababu," alisema Ma Leya. Halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Baadaye akauliza, "Misonobari imefika wapi?"

Respicius akamfungulia picha mpya. Rweya ilikuwa imelimwa yote kwa trekta, nyekundu, na juu yake mistari ya vitu vidogo vya kijani iliyonyooka kama ya daftari la shule. Ma Leya alishuka karibu na kioo, kikafanya ukungu, Respicius akakifuta kwa kiganja. Alitafuta kipande chake cha njugumawe, kile alichokuwa amekilaza tangu mwaka ambao Respicius aliondoka. Kilikuwa kimebakiza msimu mmoja kuamka. Hakukiona.

Oktoba ikaja ripoti ya mwaka. Rogers alipiga kumpongeza.

"Kaka, ramani yako mteja kaipenda mno. Kasema hajawahi kupata ramani safi hivi, haina wingu hata moja. Wameomba uwafanyie na Muleba yote, na ng'ambo mpaka Karagwe. Kibali chako wanakifanyia kazi. Mama hajambo?"

"Hajambo. Yupo hapa."

"Mpe shikamoo."

Lilibaki jambo moja la kukamilisha, fomu ya mabadiliko. Mashine ilikuwa imeijaza yenyewe. Kutoka: nyasi zisizotumika. Kwenda: msitu. Chini kabisa palikuwa na swali, ni watu wangapi waliokuwa wakilitumia eneo kabla ya mradi, na mashine ilikuwa imeweka sifuri, kwa kuzingatia picha za miaka kumi na sehemu mia mbili za kujifunzia zilizochaguliwa na mwenyeji wa eneo. Respicius alitakiwa tu kuthibitisha.

Tone la maji lilianguka kwenye kibodi. Akainua macho. Ma Leya alikuwa anasoma. Alisoma mpaka darasa la nne na Kiingereza hakukijua, lakini namba alizijua.

"Hapo mimi nipo?"

"Hupo, mama."

Tone jingine likaanguka, kisha Ma Leya akajivuta pembeni kidogo ili asiharibu mashine ya watu.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

"Kula kwanza."

Respicius akaenda jikoni, akapasha ndizi za jana, akala zote kwa sababu mama yake alikuwa anamtazama. Akaosha sahani. Akafuta kibodi kwa taulo ya jikoni, herufi moja moja, akakaa, akathibitisha.